Mtoto "Amefeli" Kipimo cha Usemi. Amefeli Nini Hasa?

Tuseme mwanao ana miaka minne na yuko chekechea. Wiki hii walikuja wageni shuleni wakiwa na fomu. Kila mtoto aliitwa pembeni, akaonyeshwa picha, akaulizwa hiki ni nini, yule anafanya nini, kisha akaambiwa arudie sentensi mbili tatu. Dakika kumi, pengine hazikufika. Jioni mtoto anarudi na karatasi kwenye begi: hakufikia kiwango, apelekwe kwa mtaalamu wa usemi na lugha.

Usiku huo hulali. Bibi yake anasema mwacheni, hata baba yake alichelewa kuongea. Jirani naye ana kisa cha mtoto aliyeachwa hivyo hivyo na mpaka leo shule imemshinda. Kila mtu ana hadithi yake, na wewe umebaki na swali moja tu: mwanangu ana tatizo au hana?

Karatasi ile haina jibu la swali hilo, wala haikutengenezwa ilijibu. Kilichofanyika shuleni kinaitwa uchunguzi wa awali. Kinachoweza kukujibu ni tathmini kamili. Hivi ni vitu viwili tofauti, na ilichukua zaidi ya nusu karne, makosa mengi na kesi kadhaa mahakamani kabla watu hawajakubaliana kuvitenganisha. Leo nataka tuipitie historia hiyo, kwa sababu ukiijua, karatasi ile utaisoma kwa macho mengine.

Paris, 1905

Tuanzie Ufaransa. Mwaka 1904 serikali iliunda tume ya kutazama watoto ambao masomo ya kawaida yalikuwa yanawashinda. Mwanasaikolojia Alfred Binet alikuwa mmoja wa wajumbe. Mwaka uliofuata yeye na mwenzake Théodore Simon walitoa kipimo chenye vipengele 30 vilivyopangwa kuanzia chepesi hadi kigumu. Vingi kati ya hivyo vilikuwa vya lugha: taja vitu vilivyo kwenye picha, rudia sentensi, eleza maana ya neno, sema vitu viwili vinatofautianaje. Ukitazama fomu ya chekechea ya leo, utaona ukoo umefanana.

Lengo la Binet lilikuwa dogo na la heshima, yaani kuwapata watoto wanaohitaji msaada ili wapewe msaada. Aliwapinga wazi wazi waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichokwisha kupimwa na kufungwa, hakiongezeki. Alifariki mwaka 1911, na kipimo chake kikaendelea kusafiri bila yeye.

Kilipofika Marekani kiliingia mikononi mwa Henry Goddard, aliyekitafsiri mwaka 1908. Kuanzia mwaka 1913 wasaidizi wake walikitumia Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji pale New York. Hebu fikiria: mtu ametoka wiki mbili baharini, hajalala vizuri, yuko mbele ya mgeni, anaulizwa maswali kupitia mkalimani. Idadi ya waliopimwa ilikuwa ndogo, na hawakuchaguliwa kwa njia inayoweza kuwakilisha wahamiaji wote. Hata hivyo, Goddard alichapisha kwamba takriban wanne katika kila watano, wawe Wayahudi, Waitaliano, Wahungaria au Warusi, walikuwa na upungufu wa akili.

Kosa lilikuwa wapi? Kipimo cha muda mfupi kilitumiwa kutoa hukumu ya kudumu. Tena kilipima lugha na mazoea ya mahali fulani, kisha kikaliita jibu lake akili. Makosa haya mawili tutakutana nayo tena mbele.

Somo kutoka kwenye eksirei

Walioanza kunyoosha mambo hawakuwa watu wa lugha. Walikuwa wanapambana na kifua kikuu.

Katika miaka ya 1940 Marekani ilikuwa ikipiga maelfu ya watu eksirei za kifua ili kuwapata wagonjwa mapema. Kukazuka jambo la aibu kidogo: madaktari wawili wakisoma picha ile ile walitofautiana, na daktari mmoja akirudishiwa picha zake baadaye, alitofautiana na nafsi yake. Mwaka 1947 mtakwimu Jacob Yerushalmy aliandika kwamba kipimo kinapaswa kuulizwa maswali mawili tofauti. La kwanza: katika watu wenye ugonjwa, kinawanasa wangapi? La pili: katika watu wasio na ugonjwa, kinawaachia wangapi waende zao? Hapa nitayaita uwezo wa kunasa na uwezo wa kuachia.

Mwaka 1951 tume ya Marekani iliyoshughulikia magonjwa sugu ilitoa maana ya uchunguzi wa awali ambayo mpaka leo inatumika. Kwa ufupi ilisema hivi: ni kazi ya haraka ya kuwatenga watu ambao huenda wana ugonjwa na wale ambao huenda hawana. Ilisisitiza kwamba kipimo cha namna hiyo hakikusudiwi kutoa jina la ugonjwa, na kila aliyenaswa lazima apelekwe mbele akachunguzwe vizuri.

Ndiyo maana mimi hupenda mfano wa chekeche. Ukichekecha unga, unachopata juu ni mabonge ya kutazamwa. Mengine ni uchafu, mengine ni unga mzuri ulioshikana tu. Huwezi kuyatupa yote bila kuyabonyeza moja moja.

Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha James Wilson wa Uingereza na Gunnar Jungner wa Sweden, chenye kanuni kumi za uchunguzi wa awali. Nyingi ni za akili ya kawaida, lakini kuna mbili ninazoomba uzishike, maana tutazirudia: pawepo njia ya kumthibitisha aliyenaswa, na pawepo matibabu kwa atakayethibitika. Bila hayo unawatia watu hofu bure.

Hesabu ya watoto 1,000

Kabla hatujaendelea, tupige hesabu. Usiogope, ni kujumlisha na kutoa tu.

Chukua watoto 1,000 wa miaka mitano. Tuseme 70 kati yao wana tatizo la kweli la lugha (utaona baadaye kwa nini nimechagua 70). Tuna kipimo kizuri tu: kinanasa 80 katika kila 100 wenye tatizo, na kinaachia 90 katika kila 100 wasio na tatizo. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano.

Katika wale 70, kipimo kinanasa 56 na kuwakosa 14. Katika wale 930 waliobaki, kinawaachia 837 na kuwanasa kimakosa 93. Jumla ya watakaorudi nyumbani na karatasi ni 56 na 93, yaani 149. Wenye tatizo la kweli kati yao ni 56.

Umeona? Kwa kipimo hiki ambacho kwa kweli ni kizuri, karibu watoto sita katika kila kumi waliopewa karatasi hawana tatizo lolote. Na watoto 14 wenye tatizo wameambiwa wako sawa. Hakuna aliyefanya uzembe. Ndivyo hesabu inavyokuwa tatizo linapowapata wachache na kipimo kikiwa cha haraka.

Denver, 1967

Kwa watoto wadogo, kipimo kilichoeneza mtindo huu duniani kilitoka Colorado. Mwaka 1967 William Frankenburg na Josiah Dodds walichapisha kipimo cha Denver cha ukuaji, kwa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka sita. Waliwapima watoto 1,036 wa mji wa Denver ili kujua mtoto wa kawaida anafanya nini na kwa umri gani. Kiligawanywa mafungu manne: mwili mzima, mikono na vidole, kuishi na watu, na lugha. Kilikuwa cha bei nafuu, cha haraka, na muuguzi aliweza kukitumia baada ya mafunzo mafupi. Kikatafsiriwa na kusambaa nchi nyingi.

Kasoro yake kubwa ilikuja kuonekana upande wa lugha. Watafiti walipowapeleka watoto kwenye tathmini kamili na kulinganisha majibu, waliona kwamba kipimo kilikuwa kikiwapita wengi wenye shida ya kweli ya lugha. Kiliporekebishwa, toleo jipya likichapishwa mwaka 1992, vipengele vya lugha viliongezwa sana. Angalia jambo hapa: kasoro ilijulikana tu kwa sababu kulikuwa na tathmini kamili ya kulinganisha nayo. Chekeche haliwezi kujikagua lenyewe.

Mvulana aliyekaa kimya

Wakati huo huo, New York, mwanaisimu William Labov alikuwa akibishana na wanasaikolojia waliosema kwamba watoto Weusi wa mitaa maskini huja shuleni karibu hawana lugha. Ushahidi wao ulikuwa vipimo. Mtoto anaingizwa chumbani, mtu mzima mgeni anaweka kitu mezani na kumwambia aeleze kila anachoweza. Mtoto anajibu neno moja moja na kunyamaza katikati.

Katika makala yake ya mwaka 1969 Labov alisimulia kuhusu Leon, mvulana wa miaka minane kutoka Harlem. Aliyemhoji alikuwa Clarence Robins, mtu Mweusi, mzaliwa wa hapo hapo, anayejua watu wa mtaa. Hata hivyo Leon alijibu kwa neno moja au hakujibu kabisa. Ungekuwa na fomu mkononi ungejaza: lugha duni.

Safari iliyofuata Robins alibadilisha mambo machache. Alileta bisi za viazi. Alimwita Gregory, rafiki mkubwa wa Leon. Akaketi sakafuni, naye akawa mfupi kama wao. Akagusia mambo ambayo watoto hawategemei mtu mzima ayataje. Basi Leon yule yule akafunguka: anamkatiza mwenzake, anabisha, anagombea zamu ya kusema.

Mtoto hakuwa amebadilika kwa siku chache. Kilichobadilika ni nani yuko chumbani, amekaaje, na mtoto anaamini majibu yake yatatumiwa kufanya nini. Na sisi tunalijua hili vizuri. Wangapi wetu tulifundishwa kwamba mbele ya mgeni mtoto hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa ajibu kwa kifupi? Adabu hiyo hiyo ukiipeleka kwenye chumba cha kipimo inageuka alama ya chini.

Diana, miaka minane, California

Labov alikuwa akibishana kwenye majarida. Huko California wazazi walikwenda mahakamani.

Mwaka 1970 ilifunguliwa kesi inayojulikana kama Diana dhidi ya Bodi ya Elimu ya Jimbo. Ilikuwa kwa niaba ya watoto tisa wenye asili ya Meksiko, kaunti ya Monterey, ambako wengi huishi kwa kazi za mashambani. Nyumbani walizungumza Kihispania. Shuleni walipimwa akili kwa Kiingereza, na kwa alama hizo wakawekwa katika madarasa ya watoto wenye ulemavu wa akili. Walipopimwa tena na mtu anayejua lugha zote mbili, wengi wao walivuka kiwango. Hawakustahili kuwa kwenye madarasa yale hata siku moja.

Kesi iliisha kwa makubaliano. Jimbo lilikubali kwamba mtoto apimwe kwa lugha yake ya kwanza, na kwamba watoto wenye asili ya Meksiko na Uchina waliokuwa tayari kwenye madarasa hayo wapimwe upya. Mwaka 1979, katika kesi nyingine ya California iitwayo Larry P., jaji Robert Peckham alikataza shule za jimbo kutumia vipimo vya akili kuwapeleka watoto Weusi kwenye madarasa hayo.

Ukitaka kujua kwa nini nimesema jambo hili lina uzito, ni hapa. Darasa lile halikuwa na njia nyepesi ya kutoka. Mtoto aliyeingia akiwa na miaka saba angeweza kukua humo, akifundishwa kidogo kwa sababu anategemewa kidogo, mpaka ile alama ya siku moja ikawa kweli kwa kutimizwa.

Sheria inaandikwa

Mwezi Novemba 1975 rais Gerald Ford alitia saini sheria ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu. Ndani yake kuna alama za vidole za kesi zile. Kabla mtoto hajaingizwa kwenye elimu maalumu lazima afanyiwe tathmini kamili yake peke yake. Apimwe kwa lugha yake mwenyewe inapowezekana. Na sehemu ninayoipenda zaidi: kipimo kimoja, kiwe kipi, kisiwe ndicho msingi pekee wa uamuzi.

Marekebisho ya mwaka 2004 yaliweka mstari wazi zaidi. Mwalimu au mtaalamu akimkagua mtoto haraka ili ajue amfundisheje, huko hakuhesabiwi kuwa tathmini. Kwa vipimo wanavyopewa watoto wote darasani, kwa kawaida mzazi hahitaji kuombwa ridhaa. Lakini kwa tathmini kamili ni lazima mzazi akubali kwanza, na akishakubali, shule ina siku 60 za kuikamilisha, isipokuwa jimbo liwe limeweka muda wake.

Kwa nini moja ihitaji ridhaa na nyingine isihitaji? Kwa sababu moja inauliza tu "huyu tumtazame zaidi?", na nyingine inaweza kubadilisha njia ya mtoto.

Tathmini kamili yenyewe ikoje? Inaanza na masikio. Mtoto asiyesikia vizuri, hata kwa sababu ya majimaji tu nyuma ya ngoma ya sikio, anaweza kuonekana ana tatizo la lugha. Inafuata historia: mimba, kuzaliwa, magonjwa, neno la kwanza alilisema lini, nyumbani mnazungumza lugha zipi. Mtaalamu anatazama mdomo, ulimi na kaakaa. Anatumia vipimo vilivyosanifiwa, kisha anaviweka pembeni na kucheza na mtoto huku akirekodi anavyosema. Anauliza mzazi, anauliza mwalimu. Pengine anamfundisha mtoto kitu kipya hapo hapo aone anakishika kwa kasi gani, maana mtoto ambaye hajafundishwa na mtoto ambaye hafundishiki kwa urahisi wanaweza kupata alama sawa siku ya kwanza. Yote haya yanachukua saa kadhaa, na mara nyingi zaidi ya siku moja.

Iowa, 1997

Mpaka hapa unaweza kudhani namshawishi kila mtu akimbie chekeche. Hapana. Utafiti mmoja wa Iowa unaonyesha hasara ya kutokuwa nalo.

Bruce Tomblin wa Chuo Kikuu cha Iowa alitaka kujua ni watoto wangapi wana tatizo la lugha lisilotokana na ukiziwi wala ulemavu wa akili. Timu yake iliwapitisha watoto 7,218 wa chekechea kwenye uchunguzi wa awali. Kisha ikawaita kwenye tathmini kamili walioshindwa, pamoja na sehemu ya waliofaulu. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wengi huisahau. Usipowarudia waliofaulu, huwezi kujua chekeche limepitisha wangapi.

Jibu lililochapishwa mwaka 1997 lilikuwa asilimia 7.4. Ndiyo ile 70 katika 1,000 ya hesabu yetu. Utafiti wa Courtenay Norbury na wenzake huko Surrey, Uingereza, mwaka 2016 ulikuta kiasi kinachokaribiana.

Lakini namba iliyonisimamisha mimi ni nyingine. Katika wazazi wa watoto waliothibitika, ni asilimia 29 tu waliosema waliwahi kuambiwa kwamba mtoto ana shida ya kusema au ya lugha. Wengine wote hawakuwa wameambiwa. Mtoto yuko darasani, haelewi nusu ya maelekezo, na watu wanamwona mvivu, mtundu, au mkimya kwa tabia.

Kwa hiyo kuna makosa ya pande mbili. Diana alinaswa asipaswe. Hawa wa Iowa walipaswa kunaswa na hakuna aliyewaona.

Kilifi

Sasa turudi nyumbani. Pwani ya Kenya, Kilifi, watafiti walikuwa wakifuatilia watoto waliopona malaria kali. Mtoto ametoka hospitali anatembea, anakula, familia inamshukuru Mungu. Lakini je, lugha yake imesalimika? Ili ujibu lazima uwe na kipimo cha lugha, na kilichokuwepo kilikuwa cha watoto wa Uingereza na Marekani.

Julie Carter na wenzake, wakiwemo Wakenya, walitengeneza vipimo vipya kwa ajili ya watoto wa hapo, na mwaka 2005 waliandika waliyojifunza. Walitaja mambo matano yanayoweza kuharibu kipimo kinachohamishwa kutoka utamaduni mmoja kwenda mwingine: utamaduni wenyewe, mazoea ya mtoto na hali ya kupimwa, kiwango cha shule alichopata, lugha, na uwezo wa kutambua picha. Hilo la mwisho linashangaza wengi. Kusoma picha ni ujuzi unaofundishwa. Mtoto asiyekua na vitabu vya picha anaweza kukijua kitu vizuri na asikitambue kikichorwa kwa mistari.

Kilifi hiyo hiyo lilitumika pia dodoso la Maswali Kumi, lililobuniwa miaka ya 1980 kwa ajili ya mahali penye wataalamu wachache. Halimwulizi mtoto chochote, linamwuliza mzazi: ukimlinganisha na wenzake, alichelewa kukaa au kutembea? Anasikia? Ukimwambia kitu anaelewa? Anasema maneno watu wakamwelewa? Maofisa walipita nyumbani kwa nyumba na kukusanya majibu kuhusu watoto zaidi ya 10,000 wa miaka sita hadi tisa. Walionaswa waliitwa kwenye uchunguzi wa kina, na sehemu ya wasionaswa nao pia wakaitwa. Mpango ni ule ule wa Iowa.

Kiswahili nacho kina mambo yake

Huwezi kuchukua kipimo cha Kiingereza ukabadilisha maneno tu. Kwa Kiingereza, mtoto mwenye tatizo la lugha mara nyingi huacha vile vipande vidogo vya mwisho wa kitenzi vinavyoonyesha wakati. Kwetu mambo yote yako mwanzoni na katikati. "Nitakupikia" ni neno moja, lakini lina mtendaji, wakati, mtendewa, shina na kauli ya kutendea. Ukihesabu maneno ya mtoto, hapo utaandika moja. Mwenzake wa Kiingereza akisema jambo lile lile ataandikiwa manne au matano.

Au chukua "naenda". Kitabuni ni "ninaenda". Mtoto akisema "naenda" amekosea? Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, alionyesha kwamba watoto huacha viambishi vya mtendaji na vya wakati katika hatua fulani. Lakini hata watu wazima mjini huacha baadhi yake kila siku. Mwenye fomu asiyejua hilo atamkata mtoto alama kwa kuongea kama mama yake.

Vivyo hivyo mtoto anayesema "lafiki" badala ya "rafiki". Kama nyumbani wote hawatenganishi l na r, hiyo ni lafudhi. Kama nyumbani wote wanatenganisha na yeye peke yake hawezi akiwa na miaka saba, hapo ndipo pa kutazama. Sauti ni ile ile, maana tofauti, na huwezi kuijua bila kuuliza nyumbani mnasemaje. Chekeche halina nafasi ya swali hilo. Tathmini kamili inayo.

Kwa hiyo ile karatasi

Zikumbuke zile kanuni mbili za mwaka 1968. Afrika Mashariki, kanuni ya kwanza ndiyo inayotubana. Kenya ilianzisha vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu tangu mwaka 1984, na Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha wataalamu wa usemi na lugha mwaka 2008. Ni hatua kubwa, lakini wataalamu bado ni wachache sana ukilinganisha na watoto. Fomu ni rahisi kuchapisha. Mtu wa kumpokea mtoto aliyenaswa hapatikani kwa kuchapishwa.

Hata nchi zenye wataalamu hazijamaliza mjadala. Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu kinga limesema mara tatu, mwaka 2006, 2015 na 2024, kwamba ushahidi hautoshi kuamua kama kuwachunguza watoto wote wa miaka mitano na chini kuna faida kuliko hasara. Ila soma vizuri: hilo linahusu watoto ambao hakuna mtu ana wasiwasi nao. Mzazi akiwa na wasiwasi, huyo si wa kuchekechwa tena, ni wa kutazamwa.

Basi mwanao akirudi na karatasi, usianze kumpa jina la ugonjwa, na usiitupe. Uliza vitu vichache. Alipimwa kwa lugha gani, na ndiyo lugha anayoota nayo? Aliyempima anamjua au alikuwa mgeni? Masikio yamepimwa? Kipimo kilijaribiwa kwa watoto wa wapi? Na swali kubwa kuliko yote: hatua inayofuata ni ipi, kwa nani, lini? Kama mtaalamu yuko mbali, anza na masikio, hiyo hospitali nyingi zinaweza. Rekodi kwenye simu mwanao akicheza na wenzake au akibishana na kaka yake, dakika tano tu, uende nayo. Siku ya tathmini inaweza kusaidia kuliko picha zote za kwenye fomu.

Na kama hakuletewa karatasi yoyote, lakini moyo wako unakuambia haelewi unachomwambia, kumbuka wale 14 wa hesabu yetu. Walifaulu kipimo. Mpeleke.